Wetisuti ya mikono au kata mikono? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Anayehama kutoka bwawani kwenda kuogelea baharini, ziwani au mtoni hukutana na swali hili mapema kuliko alivyotarajia. Wetisuti, lile vazi la mpira linalobana mwili mzima, huuzwa kwa mitindo miwili mikuu: yenye mikono inayofika karibu na kiganja, na ile kata mikono inayoishia begani kama singlendi, miguu yote ikiwa imefunikwa. Nimevaa zote mbili kwa miaka, na kuzivua zote mbili kwa shida. Watu wengi huchagua kwa kuuliza maji yana baridi kiasi gani. Swali hilo ni la haki, ila mimi naona bega lina usemi mkubwa kuliko kipimajoto, na majibu mengi hapa chini yataishia begani.

Wetisuti inafanya kazi gani hasa?

Kazi mbili, na zote zinatokana na vipovu. Neopreni ni mpira uliojazwa vipovu vidogo vya gesi, kila kimoja kimejifunga peke yake. Gesi hupitisha joto kwa shida. Maji nayo ni mwizi wa joto: huliondoa mwilini mara 25 hivi haraka kuliko hewa. Ndiyo maana hewa ya nyuzi 20 ni ya kukaa kibarazani na kupunga upepo, lakini maji ya nyuzi 20 yatakutetemesha ukikaa ndani muda mrefu.

Wengi huambiwa kwamba kinga ni yale maji kidogo yanayoingia kati ya ngozi na mpira yakapashwa joto na mwili. Si hivyo. Kinga ni mpira wenyewe. Maji yale yanavumilika tu mradi yatulie. Yakiwa yanatoka na kuingia kila unapopiga mkono, unaipasha joto bahari nzima.

Kazi ya pili ni kuelea. Vipovu vilevile huinua nyonga na mapaja, mwili ukalala sawasawa juu ya maji badala ya miguu kuning'inia. Mtu ambaye miguu yake huzama hufaidika kuliko wote. Uwezo huo wa kuelea umo zaidi kwenye kiwiliwili na miguu, kwa hiyo hapo mitindo yote miwili inakaribiana.

Kwa wanaopenda historia: neopreni ilitoka kwenye maabara za DuPont nchini Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1930. Mwanafizikia Hugh Bradner wa California ndiye aliyefikiria kuifanya vazi, mwanzoni mwa miaka ya 1950, akiwa na wapiga mbizi wa jeshi la majini akilini. Waogeleaji walingoja sana. Wetisuti iliyoshonwa mahususi kwa ajili ya wanatriathloni, wale wanaoogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia katika mbio moja, ilikuja mwaka 1987, kazi ya Dan Empfield na kampuni yake ya Quintana Roo. Kabla ya hapo watu walijitesa na mavazi ya wapiga mbizi.

Tofauti ni mikono tu?

Ni mikono, na ni tundu la kwapa. Kwenye vazi la mikono, maji yana milango miwili mikuu ya kuingilia: shingoni na kwenye vifundo vya mikono. Kwenye kata mikono, mlango ni kwapa, na kwapa halitulii. Linafunguka na kujifunga kila unaponyoosha mkono mbele. Kata mikono iliyokatwa vizuri ina mkanda laini unaofuata bega bila kuacha mwanya. Iliyokatwa vibaya huchota maji kama kata ya mtungini.

Kwenye ya mikono, mpira haufanani unene mwili mzima. Kifuani na mapajani mara nyingi hufika milimita 4 au 5, begani na mkononi hushuka hadi 1 au 2 ili unyumbuke. Kadiri vazi linavyokuwa la daraja la juu, ndivyo mpira wa bega unavyokuwa mwembamba na mlaini, na ndivyo unavyochanika kwa ukucha.

Kata mikono kwa kawaida ni nafuu zaidi, kwa sababu sehemu ngumu kuishona ndiyo iliyoondolewa.

Ipi ina kasi zaidi?

Kwa waogeleaji walio wengi, ya mikono. Mpira laini huteleza kwenye maji kuliko ngozi, mkono nao unaelea kidogo, na maji hayaingii kwapani kukuvuta nyuma. Ukiweka watu wawili wenye uwezo sawa, kila mmoja na vazi linalomkaa, ningemwekea matumaini mwenye mikono.

Lakini rudia maneno hayo: *linalomkaa*. Faida ya mikono ni ndogo, na vazi lisilokaa sawa huimeza yote kisha likadai nyongeza. Mtu anayepiga mikono 20 kila mita 25 atapiga mikono 1,200 katika mita 1,500. Kama kila pigo analazimika kuvuta mpira mgumu kabla ya kuvuta maji, amefanya zoezi la ukinzani mara 1,200 bila kulipwa. Huyo atakuwa na kasi zaidi akiwa kata mikono, na atafika bega likiwa lake.

Mbona waogeleaji hodari wengine wanapenda kata mikono?

Waulize, na jibu utakalosikia mara kwa mara ni kigasha, ile sehemu ya mkono kati ya kiwiko na kiganja. Aliyekulia bwawani hushika maji kwa kiganja na kigasha pamoja. Ngozi ya kigasha humwambia kama pembe ni sahihi au kama maji yanamponyoka. Ukiifunika kwa mpira, hata wa milimita moja, ni kama kuonja mchuzi huku umevaa kinyago. Mazoea husaidia, na wapo watengenezaji wanaoweka kitambaa chembamba au mpira wenye mistari kwenye kigasha ili kurudisha hisia hiyo. Wengine hawaizoei kamwe.

Wapo pia wenye mabega mapana, wenye jeraha la zamani la bega, na wale ambao mikono yao ni mirefu kuliko jedwali la saizi linavyojua. Hawa si suala la ladha. Kwao kata mikono mara nyingi ndiyo vazi pekee linalowaruhusu kuogelea kilomita mbili bila maumivu.

Nimevaa ya mikono na mabega yanachoka kabla ya mita 500. Nibadilishe?

Bado. Kwanza nikusimulie aibu yangu.

Wetisuti yangu ya kwanza ilikuwa ya mikono. Niliijaribu dukani mbele ya kioo, nimesimama wima, mikono imening'inia, nikajiona mwanamichezo. Majini, mita 400 za kwanza zilinitosha: mabega yalikuwa kama ya mtu aliyebeba ndoo mbili za maji kilomita nzima. Nikailaumu saizi, nikailaumu kampuni, nikaiuza kwa hasara na kununua kata mikono. Miaka miwili baadaye mwenzangu wa mazoezi alinitazama nikivaa vazi jingine la mikono, akacheka, akaniambia nilivue nianze upya. Mpira ulikuwa vidole vinne chini ya kinena. Vazi zima lilikuwa linaning'inia kutoka mabegani.

Wetisuti huvaliwa kutoka chini kwenda juu, na haraka ndiyo adui. Vuta miguu kwanza, mpaka ncha za chini zipite juu kidogo ya kifundo cha mguu. Kisha kusanya mpira kidogo kidogo, kwa nyama za vidole na si kwa kucha, uupandishe kupita goti, paja, hadi kinena kiguswe kabisa. Hakuna mwanya unaoruhusiwa pale. Ukishafika hapo ndipo upandishe kiwiliwili, na mikono ije mwisho. Mkono nao huvutwa vivyo hivyo: kutoka kwenye kifundo kwenda kwapani, hadi kwapa la vazi likutane na kwapa lako. Halafu inama, bana mpira wa juu ya mkono na uusukume kuelekea shingoni, ili juu ya bega pabaki na mkunjo mdogo wa akiba. Mkunjo huo ndio utakaonyooka unapofika mbele.

Kifundo cha mkono kikibaki wazi vidole viwili au vitatu, usiwe na wasiwasi. Mpira umeenda kunakohitajika.

Ukivaa hivi na bado bega linalalamika baada ya mara tatu au nne za mazoezi, sasa badilisha. Labda saizi, labda mtindo.

Maji yakiwa na joto gani nivae ipi?

Huu ni mwongozo wangu. Miili inatofautiana, na mtu mwembamba atahisi baridi mapema kuliko mnene.

Chini ya nyuzi 16, ya mikono, na uongeze kofia ya neopreni na soksi zake. Sioni mjadala hapo. Kati ya 16 na 19, ya mikono kwa wengi. Kata mikono kwa aliyezoea baridi au anayekaa ndani kwa dakika chache. Kuanzia 19 hadi 22, bega liamue. Huu ndio ukanda ambao watu hugombana bure, kwa sababu wote wako sahihi. Juu ya 22, kata mikono ikiwa unataka kuelea, au vazi la kawaida la kuogelea ikiwa hutaki.

Nyuzi zenyewe hazisemi kila kitu. Upepo, jua, mawimbi na urefu wa safari vina sauti. Dakika 15 ndani ya nyuzi 17 na saa moja na nusu ndani ya nyuzi 17 ni baridi mbili tofauti.

Mikono ikiwa wazi si nitaganda?

Kuganda ni mwisho wa hadithi, na kuna mambo mawili yanayokuja kabla yake.

La kwanza ni mshtuko wa baridi. Unapoingia ghafla kwenye maji baridi, mwili huvuta pumzi kwa nguvu bila ruhusa yako, kisha kupumua kunakwenda mbio kwa dakika moja hadi tatu. Pumzi hiyo ya kwanza ikitokea kichwa kikiwa chini ya maji, ndiyo inayoua. Wetisuti ya aina yoyote hupunguza mshtuko, haiufuti. Usijirushe. Ingia taratibu, lowesha uso na shingo, toa pumzi ndefu ndani ya maji, na usianze kuogelea kabla kupumua hakujarudi mikononi mwako.

La pili linahusu swali lako moja kwa moja. Misuli na neva za kigasha zipo karibu sana na ngozi. Zikipoa, vidole vinatawanyika na kukataa kufungana, kiganja kinakuwa kama ukucha wa ndege, na kila pigo linashika maji kidogo kuliko lililotangulia. Mtu anaweza kushindwa kuogelea huku joto la ndani ya mwili likiwa bado linaridhisha. Hapa mikono ya wetisuti inafanya kazi ya maana hata ikiwa na milimita moja na nusu tu. Kwa hiyo kwenye maji baridi hasa, jipime kwa vidole: gusisha kidole gumba na kidole kidogo kila baada ya muda. Vikishindwa kukutana, geuza uelekee nchi kavu.

Ukitoka, vaa haraka na usishangae ukitetemeka zaidi dakika 10 baadaye kuliko ulipokuwa majini. Joto la ndani ya mwili huendelea kushuka kwa muda hata ukiwa umetoka. Usiendeshe gari mpaka kutetemeka kuishe.

Na maji yakiwa ya moto?

Watu huogopa baridi na kusahau kwamba joto nalo huua. Mwogeleaji naye hutoa jasho, kama mkimbiaji. Tofauti ni kwamba halioni. Mwaka 2010 mwogeleaji wa Marekani Fran Crippen alifariki katika mbio za kilomita 10 huko Fujairah, Falme za Kiarabu, kwenye maji yenye joto kali, na baada ya msiba ule shirikisho la kimataifa la kuogelea liliweka kikomo cha juu cha nyuzi 31. Hakuwa hata na wetisuti. Fikiria mtu aliyejifunika milimita tano za mpira.

Kata mikono husaidia, kwa kuwa makwapa na mikono hutoa joto jingi. Lakini kuna kiwango ambacho hata hiyo ni nguo nyingi mno. Kichwa kikianza kuuma au ukijisikia kizunguzungu, fungua zipu, geuka chali, na uombe msaada.

Kanuni za mashindano zinasemaje?

Zinazungumzia zaidi joto na unene kuliko mikono. World Triathlon, shirikisho la kimataifa la triathloni, hairuhusu neopreni inayozidi milimita 5 popote kwenye vazi. Kwa washiriki wa makundi ya umri, yaani wasio wataalamu, safari ya hadi mita 1,500, wetisuti hukatazwa maji yakifika nyuzi 22. Kwa wataalamu kikomo kiko chini zaidi, nyuzi 20. Mbio za Ironman, triathloni za masafa marefu, huwaruhusu wa makundi ya umri mpaka 24.5. Katika kuogelea kwenyewe, World Aquatics, shirikisho la kimataifa la mchezo huo, hulazimisha wetisuti chini ya nyuzi 18, na kati ya 18 na 20 hukuachia uamuzi.

Zipo kanuni zinazotaka mabega yafunikwe, na hapo ndipo mwenye kata mikono anapoweza kuachwa ufukweni. Soma mwongozo wa mbio zako za mwaka huo, usitegemee ya mwaka jana wala ya rafiki. Joto hupimwa asubuhi ya mbio, kwa hiyo nenda na vazi la kawaida pia kwenye begi.

Nikitaka kuvuka mlangobahari kati ya Uingereza na Ufaransa?

Hakuna, si ya mikono wala kata mikono. Matthew Webb alivuka mwaka 1875 bila vazi la namna hiyo, kwani halikuwepo, na anayetaka kutambuliwa kwa mapokeo hayo hadi leo huenda na nguo ya kawaida ya kuogelea, kofia, miwani na mafuta ya kujipaka.

Mimi naogelea mtindo wa chura zaidi. Nichague ipi?

Angalia miguu kabla ya mikono. Mpira mnene mapajani huinua miguu mpaka nyayo zinapiga hewa, na teke la chura likipiga hewa halikupeleki popote. Shingo nayo hukunjika kwa sababu kifua na miguu vyote vinataka kuwa juu. Tafuta vazi lenye milimita 2 au 3 miguuni, au lililoishia juu ya goti. Kata mikono itakupa uhuru zaidi wa kuzungusha mikono mbele ya kifua, na sijawahi kusikia mwogeleaji wa chura akiililia mikono isipokuwa kwa baridi.

Shida kama hiyo huwapata pia waogeleaji wa mtindo huru ambao kwa maumbile miguu yao huelea vizuri. Wetisuti inawainamisha kichwani. Kwao kuelea kwingi ni mzigo.

Nitajuaje saizi sahihi?

Anza na jedwali la mtengenezaji, uzito na urefu, lakini lichukulie kama makadirio. Vazi sahihi ukiwa nchi kavu linakuwa la kukera kidogo: limekushika kila mahali kama ngozi ya pili, hakuna mfuko wa hewa kwenye kiuno cha nyuma, hakuna mkunjo uliolala kwapani. Unaweza kuvuta pumzi hadi chini ya mbavu. Majini linalegea kidogo.

Usijipime kama nilivyojipima mimi. Inua mkono mmoja juu, uunyooshe mpaka sikio ligusane na bega, kisha mwingine, mara 20. Chuchumaa. Geuza kichwa pande zote mbili kama unavyopumua. Kama duka linaruhusu kujaribu majini, kubali hata kama ni usumbufu.

Kwa kata mikono, pitisha kidole ukingoni mwa kwapa huku mkono ukiwa juu. Kidole kikipita bila kizuizi, maji yatapita. Mwenye kifua kikubwa na mabega membamba, hasa wanawake wanaojaribu vazi la kiume, huukuta mwanya huo mara nyingi. Vazi lililokatwa kwa umbo la kike hutatua.

Ukiwa katikati ya saizi mbili: kwa ya mikono nachukua kubwa, kwa kata mikono nachukua ndogo. Sababu ni ileile. Ya mikono ikibana, bega ndilo linalolipa. Kata mikono ikilegea, kwapa linakunywa maji.

Vazi linanikaba, sipati pumzi. Ni saizi au ni woga?

Huenda ni vyote viwili, na vinalishana. Shingo iliyobana hufanya moyo udhani kuna hatari, na woga hufanya shingo iliyo sawa ihisi imebana. Vuta kola mbele kwa kidole, ingiza maji kidogo, iachie. Wengi hutulia hapohapo. Hakikisha pia mpira wa kiwiliwili umepandishwa vya kutosha. Vazi lililoning'inia hukaba koo kwa mbele.

Mikono haihusiki sana na kifua kubana, ila anayehisi amefungwa kama kifurushi mara nyingi hupata nafuu ya akili akiwa kata mikono. Sioni aibu kuchagua kwa sababu hiyo.

Jambo moja silichezei: ukikohoa makohozi yenye povu au damu, au pumzi ikizidi kukatika hata baada ya kusimama, toka majini na uonwe na daktari siku hiyohiyo. Mapafu yanaweza kujaa maji kutoka ndani ya mwili mtu akiwa anaogelea.

Michubuko je?

Shingoni kwa mitindo yote, kwapani kwa kata mikono. Maji ya chumvi huzidisha. Paka mafuta ya kuzuia msuguano yaliyotengenezwa kwa waogeleaji, shingo nzima na ukingo wa kwapa. Epuka yale ya mgando yatokanayo na petroli, kwani hudhoofisha mpira na gundi, na usiyaguse kisha ukashika miwani.

Ipi huvuliwa haraka?

Kata mikono, bila ubishi. Kwenye triathloni hizo ni sekunde kadhaa, na ni amani ya moyo. Ya mikono hukwama kwenye vifundo, hasa ukiwa na saa. Ivue hadi kiunoni mara tu unapotoka, maji yakiwa bado ndani yanalainisha, ikikauka itakung'ang'ania.

Ninayo ya kuteleza juu ya mawimbi. Si inatosha?

Kwa kujaribu mara moja, inatosha. Kwa mazoezi, hapana. Zile zimeshonwa kwa mtu anayesimama au kukaa juu ya ubao, zina kitambaa nje kinachokokota maji, na bega lake halikufikiriwa kufika mbele mara elfu. Za kupiga mbizi ni ngumu zaidi. Ikiwa hiyo ndiyo uliyo nayo na ni kata mikono, heri hiyo kuliko ya mikono.

Naweza kuazima au kununua iliyotumika?

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, na walisema kabla ya wetisuti kuwepo. Kuazima kunafaa kwa jambo moja, kujua mtindo unaokupendeza kabla hujatoa pesa zako. Azima ya mikono wiki hii, kata mikono wiki ijayo, uogelee umbali uleule.

Iliyotumika inunue kwa macho makali. Bonyeza mpira wa bega: ukiwa mgumu na wenye nyufa ndogo kama udongo uliokauka, umezeeka. Nyoosha mishono kwenye mwanga. Mipasuko midogo ya kucha inazibika kwa gundi ya neopreni; mshono wa kwapa uliofumuka ni kazi ya fundi.

Nivae kitu ndani ya kata mikono kufunika mikono?

Fulana ya kawaida, hapana. Itajaa maji na kukuvuta. Fulana nyembamba inayobana sana hupunguza michubuko na jua, lakini haikupi joto la maana.

Naitunzaje?

Suuza kwa maji yasiyo na chumvi kila mara, ndani na nje. Igeuze, ikauke kivulini, ikiwa imekunjwa kiunoni juu ya kitu kinene na siyo kuning'inizwa mabegani kwa waya. Usiiweke kwenye mashine ya kufulia. Na ndiyo, kila mtu hukojoa ndani ya wetisuti. Hakuna anayekiri. Suuza.

Ya mikono imenishinda. Naweza kuikata mikono mwenyewe?

Inawezekana, na wapo wanaofanya hivyo kwenye vazi kuukuu lisilouzika tena. Ila ujue unachopata: si kata mikono ya dukani. Ile ina mkanda na umbo la kwapa lililochorwa tangu mwanzo. Yako itakuwa tundu kwenye mpira, na tundu halibani.

Usikate begani. Kata juu kidogo ya kiwiko kwanza, kwa mkasi mkali, ukifuata duara bila kuacha meno, kwa sababu mpasuko huanzia kwenye jino. Ogelea hivyo mara mbili. Mara nyingi kero ilikuwa kigashani tu, na mikono mifupi inatosha, bega na kwapa vikibaki vimefunikwa. Kama bado inakubana, panda juu kidogo zaidi, na uache angalau upana wa vidole vinne kutoka kwenye mshono wa bega. Mshono huo ukishaukata, vazi huanza kufumuka kuelekea kifuani, na hapo utakuwa umebaki na suruali.